Kitambaa cha Jubilii na Mbuzi Watatu

Jumamosi, 2 Agosti

Hadi saa nne asubuhi nilikuwa fundi wa nguo, Mwingi mjini, kibanda cha bluu karibu na malori. Baada ya saa nne mimi ni msanifu wa vitambaa.

Ilikuwa hivi. Ebla, jirani yangu mwenye duka la vitambaa, alikuwa akilalamika kwamba wateja wamekuwa wagumu. Anawaonyesha vitenge vipya, hawataki. Wanataka michoro ya zamani, ile ya nguo za nyanya zao. Akasema ya zamani haichapwi tena, labda mtu ajichoree yake. Alisema kwa mzaha. Mimi sikucheka. Mimi nilikuwa nimeshashika chaki.

Kwa sababu Ushirika wa Akina Mama wa kanisa letu unatimiza miaka hamsini mwezi huu. Jubilii! Akina mama sitini, sare mpya, na kamati bado haijapata kitambaa!

Na kwa sababu ya mbuzi. Nitaliandika hili mara moja liishe. Nimekaa na Mwongeli miaka tisa na sijapeleka ntheo, wale mbuzi watatu ambao kwetu Ukambani ndio ndoa yenyewe. Nyumba tunayo, tangi la maji tunalo, hata kochi tunalo. Lakini bila mbuzi watatu mke wako bado ni msichana wa kwao. Mdogo wake, Kathini, ameolewa juzi tu na Ndululu, mchuuzi wa mbuzi hapa Mwingi. Ndululu alipeleka watatu na akaongeza wa nne wa kujionyesha. Tangu hapo, kukiwa na sherehe kwao, Kathini huketi na wake za watu na Mwongeli hutumwa jikoni na wasichana.

Asubuhi Mwongeli ameniambia, kwa ile sauti ya chini ninayoiogopa, kwamba mwisho ni mwezi huu. Akitumwa jikoni tena, hatarudi kwangu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Akaniuliza ni nani amesema ana wasiwasi.

Jumapili, 3 Agosti

Baada ya ibada nilisimama mbele ya kamati. Mwenyekiti ni Mama Kalekye, yaani mama mkwe wangu. Nilizungumza nikitazama viatu vyangu, kwa sababu ya nthoni. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawazoeani. Huingii chumbani mwake, hugusi nguo zake, humkodolei macho. Ukikosea unatozwa mbuzi, na mimi kwa upande wa mbuzi tayari niko nyuma.

Nikawaambia nitawatengenezea kitambaa ambacho hakipo popote duniani, chenye asili ya nguo za zamani za huku kwetu. Katibu akauliza kama kitachuja kikifuliwa. Nikasema sanaa haichuji. Mama Kalekye akamwambia Mwongeli aniambie, ingawa nilikuwa nimesimama pale pale nikisikia, kwamba mgongo usiwe wazi na kiwe cha heshima. Hiyo kazi nimeipata!

Tatizo ni moja. Sina nguo ya zamani. Mwongeli anasema mama yake ana sanduku la bati lenye leso na vitu vyake vyote tangu ujana, na liko chini ya kitanda. Chumbani! Nikamwomba anitolee leso moja tu. Akasema mama hatoi, yeye haibi, na mimi nisithubutu.

Sijathubutu. Nimepanga tu.

Jumanne, 5 Agosti

Kabla ya sherehe kubwa Mama Kalekye huanika vitu vya sandukuni vipigwe jua. Leo ndiyo ilikuwa siku. Mwongeli alikwenda kumsaidia. Nikamwambia mimi naenda Kyuso kununua vifungo.

Niliacha pikipiki ng'ambo hii ya mto Tyaa, nikavuka mchanga kwa miguu, nikaingia shambani kwa mama mkwe kupitia nyuma. Mbaazi za mwaka huu zimeshiba, zinanifika kifuani. Nikalala kifudifudi. Kulala hivyo katika mbaazi za mama mkwe si jambo la kujisifia, lakini nthoni inakataza kuingia na kugusa. Kuhusu simu haisemi kitu. Nimefikiria sana. Haisemi.

Kamba ya nguo ilikuwa imejaa leso, lakini zote ni zile zenye michoro ya korosho ambazo kila nyumba inazo. Nilikuwa karibu kulia. Ndipo upepo ukapiga, leso ya mbele ikainuka, na nyuma yake, imefichwa kabisa, nikaiona. Nguo ya pamba iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa. Juu yake nyota tatu na alama za bluu zilizofifia, kama maandishi ya taifa lililopotea. Na katikati mlango mdogo, umeshonwa kwa mkono kwa uzi mwekundu. Sijapata kuona nakshi kama ile! Nikavuta picha karibu, nikapiga, nikapiga tena.

Kisha mbuzi akanigundua. Mbuzi wa madoa wa Mama Kalekye, mwenye sikio lililokatwa ncha. Alisimama juu ya mgongo wangu akalia kwa nguvu zote. Nikamsikia Mama Kalekye akisema kuna nyoka katika mbaazi, jembe liletwe. Niliondoka kwa magoti.

Vifungo nilisahau. Nimemwambia Mwongeli kwamba Kyuso nzima imeishiwa na vifungo.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeshinda na simu. Nimekata kamba na vibanio pembeni, nimeamsha rangi, nimepanga picha ijirudie juu na chini, kulia na kushoto. Mlango nimeuita Mlango wa Mababu. Nyota tatu ni imani, subira na mvua. Maandishi yaliyopotea nimeamua ni alama za Wakamba wa misafara ya zamani. Mtu akiuliza nitakuwa na jibu. Msanifu hakosi jibu.

Kuna doa la kahawia chini ya mlango. Nilitaka kulifuta. Nimeliacha, lina hisia.

Katibu nimemtumia picha. Amesema kitambaa kinavutia na ni cha heshima sana. Mama Kalekye naye alionyeshwa, akasema haoni kitu ndani ya simu, lakini kikiwa cha heshima basi.

Alhamisi, 7 Agosti

Watu wa kuchapa vitambaa Nairobi wanachapa chochote unachowatumia, mradi uwalipe kwanza. Nimeuza pikipiki.

Aliyeinunua ni Ndululu. Hakuna mwingine aliyekuwa tayari siku hiyo hiyo. Aliizungusha soko lote la mbuzi, akarudi akasema breki zimelegea. Nikamwambia breki hutegemea mpandaji. Wakati wa kunipa pesa akasita. Akaniuliza kwa nini nisichukue mbuzi watatu pale pale badala ya pesa, anichagulie wazuri mwenyewe, niwapeleke kwa wakwe kesho na shida iishe.

Hivi ndivyo watu wadogo wanavyofikiri! Nikachukua pesa. Kutembea ni kuzuri kwa afya.

Jumanne, 12 Agosti

Kijana wa Nairobi amepiga simu. Anauliza kama nina hakika picha iko sawa, maana yeye anaiona kama imegeuka. Nikamwuliza amesomea wapi sanaa. Akasema hajasomea. Nikamwambia basi achape.

Jumamosi, 16 Agosti

Marobota yamefika! Nimeyafungua peke yangu, mlango umefungwa. Nimelia kidogo. Mlango wa Mababu, mita kwa mita, na lile doa limetoka vizuri kuliko nilivyotarajia.

Nikamwita Ebla. Akakipapasa, akasema pamba ni nzuri. Akajitupia kipande begani akaenda mbele ya kile kioo changu cha wateja. Akajitazama. Kisha akaketi kwenye kiti cha cherehani akacheka hadi akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Akaniambia nami nijifunike nisimame mbele ya kioo. Nikasimama. Nikaona mwanamume wa makamo mwenye mabega mazuri. Ebla akasema si mabega, soma.

Maandishi ya taifa lililopotea ni Kizungu. Yalikuwa yamegeuka tu, na kioo kimeyageuza tena. Yanasema ni unga wa msaada na hauuzwi. Yanasema hivyo kifuani, yanasema tumboni, yanasema hivyo hadi kwenye pindo.

Ebla akanieleza kwamba marehemu babake aliendesha malori ya msaada miaka ya njaa, na kwamba magunia ya wakati huo yalikuwa ya pamba, si haya ya plastiki ya siku hizi. Unga ukiisha akina mama walishona magunia yakawa nguo. Akaniuliza hii yenyewe niliitoa wapi. Nikasema hiyo ni siri ya kazi. Akasema Mungu aniwekee wepesi, akarudi dukani kwake bado anacheka.

Nimetafakari. Si msiba. Hakuna mtu anayekwenda kanisani na kioo.

Jumatano, 20 Agosti

Nashona mchana na jioni. Leo zamu ya nguo ya Mama Kalekye. Vipimo vyake siwezi kuvichukua mimi, nthoni hairuhusu, kwa hiyo Mwongeli alimpima kwa uzi akaniletea wenye mafundo matatu: la kifua, la kiuno na la nyonga. Niliuweka mezani nikamhudumia mteja. Niliporudi ulikuwa umeangushwa na upepo. Sasa sijui mwanzo wa uzi uko upande gani.

Kumwuliza Mwongeli ni kukiri kwamba nilizembea. Nimekata kwa imani.

Mwongeli amekuwa mpole wiki hii. Jana alinisaidia kutia vifungo, na bila kuinua macho akaniuliza kama kweli kazi hii italeta wale mbuzi. Nikamwambia italeta. Akasema sawa. Alisema vizuri, kama mtu anayeanza kuamini. Nimeogopa kidogo, sijui kwa nini.

Jumapili, 24 Agosti

Jubilii!

Nguo niliwagawia jana jioni. Leo waliingia kanisani wawili wawili wakiimba, sitini, kila mmoja na Mlango wa Mababu kiunoni. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma. Sijawahi kujivunia kitu hivyo maishani. Ndululu alikuja na pikipiki yangu akaiegesha pale pale dirishani kwangu. Hata hilo sikulijali.

Nguo ya Mama Kalekye ilikuwa na nafasi kubwa kifuani na imebana nyonga. Alitembea kwa hatua fupi fupi. Watu walidhani ni unyenyekevu.

Mambo yaliharibika wakati wa sadaka. Mama Mutanu, ambaye ni mkongwe kuliko wote, alifika mbele ya kikapu akapeleka mkono kwenye mlango uliochapwa kiunoni mwake, kama mtu anayetaka kutoa shilingi. Vidole vikateleza. Akajaribu tena. Akainama kujitazama. Kisha akamnong'oneza mwenzake, naye akapeleka mkono wake. Mara benchi lote la wazee linajipapasa! Kicheko kikaanzia kwao kikaja nyuma hadi kwa wanakwaya, na mchungaji akawa anatabasamu bila kujua kuna nini.

Mama Kalekye hakucheka. Alitoa miwani akaivaa. Akashika mkono wa nguo wa jirani yake, akaweka kidole kwenye ule uzi mwekundu, akaufuata mshono kwa mshono mpaka mwisho. Akafika kwenye doa. Akakaa chini.

Mwongeli alinieleza tulipofika nyumbani, uso ameugeuzia ukuta. Ile si leso. Ni petikoti. Petikoti ya mama yake, aliyoishona kwa mkono kutoka gunia la unga mwaka wa njaa. Na ule si mlango wa mababu, ni mshono wa mfuko wa siri, ambamo kila mama wa umri ule alificha pesa ili mume asizione. Huanikwa ndani nje, nyuma ya leso, ili mwanamume yeyote asiione, sembuse mkwe. Na sasa mkwe ameipiga picha, ameichapa na amelivisha kanisa.

Nikamwuliza kama mama amesema lolote kuhusu rangi.

Mwongeli alikunja nguo zake akaenda kwao.

Jumatatu, 25 Agosti

Nimeitwa mbele ya kamati. Walikaa katika darasa la watoto wa Shule ya Jumapili. Nikapewa kiti cha watoto, magoti yakanifika kidevuni. Mama Kalekye alinipa mgongo, kama inavyopaswa, akazungumza na ukuta.

Aliuambia ukuta kwamba mwaka ule mvua ilikataa mara mbili. Gunia lilikuja, wakala, likaisha. Likabaki gunia lenyewe, naye hakuwa na nguo ya ndani ya kuendea kanisani. Akalishona. Na lile doa ni la uji. Kulikuwa na mtoto mchanga aliyekataa kila kitu hadi watu wakaanza kusema hatafika Krismasi. Siku moja akakubali uji wa unga wa gunia lililofuata, akanywa, na mwingine akaumwaga mapajani mwa mama yake. Mtoto huyo ni Mwongeli. Ndiyo maana doa hilo hajawahi kulisugua.

Nilitazama magoti yangu. Nilijiona mtu mbaya. Kwa muda mrefu sikuwa na mpango wowote kichwani.

Hukumu ikasomwa. Kwanza, kuona petikoti ya mama mkwe ni mbuzi mmoja, desturi haina jubilii. Pili, kitambaa chenyewe kimeandikwa hakiuzwi. Katibu alikuwa amebeba kioo cha mkononi kuthibitisha. Kamati haiwezi kwenda kinyume cha maandishi. Kwa hiyo akina mama wanakipokea kama msaada, na wananishukuru sana.

Sina pikipiki. Sina mke nyumbani. Mbuzi waliokuwa watatu sasa ni wanne.

Nilipita kwa wakwe kumwomba Mwongeli arudi. Hakutoka nje. Nilisimama uani muda mrefu nikitazama vitu vilivyoanikwa.

Alhamisi, 28 Agosti

Ajabu ya Musa! Mbuzi watatu wamefika kibandani kwangu!

Wameletwa na Mama Mutanu na wenzake wawili wa mwethya, kile kikundi chao cha kusaidiana, wote wamevaa sare yangu. Mbuzi mmoja mweupe, mmoja mweusi, na mmoja wa madoa mwenye sikio lililokatwa ncha. Huyo anafanana sana na yule aliyenikanyaga katika mbaazi. Mbuzi hufanana.

Mama Mutanu alisema msaada haulipwi, lakini mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo wamechanga. Kisha akazungumza taratibu, ananitazama machoni, kama anayemwelekeza mgeni njia ya msalani. Alisema Jumamosi mzee, baba mkwe wangu, atakuwa nyumbani. Mama Kalekye atakuwa nyumbani. Mwongeli yuko huko huko. Muthokoi, yale mahindi ya kukoboa na maharagwe, utakuwa umepikwa. Na mtu akitokea langoni na mbuzi watatu, hakuna atakayemwuliza amewatoa wapi. Yule wa nne mama amemsamehe.

Akaniuliza kama nimeelewa. Nikamwambia nimeelewa. Akaniuliza tena.

Nimeelewa vizuri kabisa. Wameipenda kazi yangu! Aibu tu ndiyo iliyowazuia kulipa mbele ya watu.

Ijumaa, 29 Agosti

Sikulala. Mbuzi walilia na mimi nikafikiri.

Mbuzi watatu ni ntheo, sawa. Lakini mtu wa hadhi yangu apeleke watatu wakati Ndululu alipeleka wanne? Baada ya kusubiriwa miaka tisa? Hapana. Hawa si mbuzi, hawa ni mbegu, na mbegu hailiwi.

Jumatatu pale uani kwa wakwe nililiona blanketi la mzee. Blanketi la zamani kabisa, la wakati wake wa kazi za reli, la kijivu, mistari myekundu, na alama nyeusi ya ajabu pembeni. Nilipiga picha moja tu. Mzee si mama mkwe. Nthoni ya blanketi sijapata kuisikia.

Nikawapeleka mbuzi kwa Ndululu. Aliwatazama. Akalishika lile sikio lililokatwa, akanitazama. Akaniuliza kama najua kesho ni siku gani. Nikasema Jumamosi. Akaniuliza kama nina hakika na ninachofanya. Akaniambia, shemeji, nenda nyumbani kwanza unywe maji. Nikamwambia kama yeye ni mchuuzi basi achuuze. Akalipa. Alilipa zaidi ya bei ya soko, jambo linaloonyesha kwamba biashara haijui.

Pesa zimeshakwenda Nairobi. Kesho nitafika kwa wakwe na picha ya blanketi na tangazo: mbuzi thelathini kufikia Krismasi! Mwongeli hatakaa na wake za watu tu, atakaa mbele yao.

Jumamosi, 30 Agosti

Nimefika mapema, kwa miguu, koti la kijivu, picha mfukoni.

Muthokoi ulikuwa unanukia hadi barabarani. Wazee wamepangwa kwenye viti. Mama Kalekye alikuwa mlangoni amenipa mgongo, amevaa ile nguo. Amefungua mshono wa nyonga, sasa inamkaa vizuri. Mwongeli alitoka jikoni anafuta mikono. Akatazama nyuma yangu. Akatazama tena nyuma yangu, mbali zaidi, hadi kwenye mchanga wa mto. Nikamwambia nimekuja peke yangu.

Nilikuwa nimeshakohoa nianze hotuba pikipiki yangu ilipoingia langoni. Ndululu! Mbuzi wawili wamefungwa nyuma, mmoja mapajani. Akawashusha mmoja mmoja. Kisha akasema, kwa sauti ya kila mtu kusikia, kwamba amewaleta mbuzi wa ntheo wa shemeji yake Kyule, kwa sababu Kyule siku hizi hana usafiri, na watu waliooa nyumba moja husaidiana.

Uwanja mzima ulishusha pumzi. Mwongeli aliziba mdomo kwa mkono. Baba yake alishika fimbo akaanza kuinuka kuwapokea. Mama Kalekye alisahau nthoni akageuka, nikamwona anatabasamu.

Mtego niliuona mara moja. Ndululu anataka kunitolea ntheo! Anataka nimshukuru hadi uzeeni! Kila Krismasi aketi mbele yangu na hilo tabasamu!

Nikasimama. Nikasema kwa heshima zote kwamba hapo pana kosa. Mbuzi hawa si wangu. Niliwauza jana, nikalipwa, na pesa zimeshatumika. Nikasema mimi Kyule si mtu wa kupokea msaada.

Mbuzi wa madoa alitazama huku na huku, akatoka peke yake, akapita katikati ya viti vya wazee, akaingia zizini kwa Mama Kalekye na kulala mahali pake.

Ndululu alikuwa ananiashiria niketi. Alikuwa ameanza kuniashiria zamani. Mzee akauliza basi mbuzi ni wa nani. Ndululu akatazama chini, na kwa kuwa mbele ya wazee watu hawasemi uongo, akasema ni wake. Wakapokewa kama wake. Kathini akavutiwa kiti mbele kabisa, naye alilia, sijui alilia nini.

Mwongeli alirudi jikoni. Alipita karibu nami bila kunisukuma. Heri angenisukuma.

Hotuba sikuitoa. Haikuwa na nafasi.

Jumapili, 31 Agosti

Kanisani sikwenda. Akina mama bado wanavaa kitambaa changu, nimewaona wakipita. Hawakuimba walipofika kibandani.

Mwongeli ametuma neno kupitia Ebla. Atarudi siku mbuzi watakapofika kwao. Nikamwomba Ebla amjibu kwamba mbuzi wameshafika kwao, atoke nje awatazame. Ebla amekataa kupeleka ujumbe huo. Amesema yeye ni mtu wa vitambaa, mambo ya kuua watu hayawezi.

Chai nimejipikia mwenyewe. Nilitia chumvi. Nyumba imenyamaza mno, hata cherehani nikiacha kushona nasikia saa ya ukutani. Nimemkumbuka sana. Nimeandika hilo na sitaliandika tena.

Lakini kuna habari! Kijana wa Nairobi amepiga simu, ingawa ni Jumapili. Ameipokea picha ya blanketi. Anauliza kama nina hakika, maana ile alama nyeusi pembeni yeye anaiona kama maandishi, na anaona kama yanasema mali ya serikali, ukikutwa nalo utashtakiwa.

Nikamwuliza amesomea wapi sanaa.

Akasema bado hajasomea. Nikamwambia basi achape.